Kutoka Kengeleni hadi Birmingham: Uhuru wa Watumwa na Nyaraka za Kisauni

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja linalomkabili mhakiki wa nathari ya awali ya Kiswahili. Anapotaka kukipima kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), kwa mizani ya historia, ataitafuta historia hiyo wapi, na ni nani aliyeiandika? Wahakiki kadhaa wamekishutumu kitabu hiki kwa shukrani yake iliyopita kiasi kwa Waingereza. Hatuikatai shutuma hiyo. Tunachodai ni kwamba aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kufungua hata jalada moja la makazi kilikotoka.

Makazi yenyewe ni Frere Town, katika Kisauni, bara ya kaskazini inayokitazama kisiwa cha Mombasa. Baada ya mkataba wa 1873 uliomlazimu Sultani Barghash kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, chama cha wamisionari cha Kianglikana, Church Missionary Society, kilimtuma William Salter Price. Ardhi ikanunuliwa, na mwaka 1875 mateka waliokombolewa majahazini wakaanza kuteremshwa hapo. Waliwakuta Waafrika wa Bombay, yaani watumwa wa zamani waliosomeshwa Nasik, India, wakiwa ndio walimu na wakalimani. Wote hao pwani iliwaita Wamisheni, na kengele iliyowaita kazini na kanisani ndiyo iliyopaita mahali hapo Kengeleni. Mbotela ni mwana wa jamii hiyo.

Mwanafunzi wetu wa uzamili kwa kawaida huanzia Nairobi, katika makavazi ya kitaifa yaliyoko barabara ya Moi. Si kosa, ila majalada ya huko kwa sehemu kubwa ni ya utawala, na utawala wa Uingereza ulitangazwa mwaka 1895, Frere Town ikiwa tayari na umri wa miaka 20. Miaka inayotuhusu imo katika nyaraka za wamisionari wenyewe, ambazo leo zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na ambazo sehemu yake kubwa imenakiliwa katika mikrofilamu. Hapa maandalizi ni lazima, kwani mpangilio wa nyaraka hizo ulifuata haja za kamati ya London wala si haja zetu. Hadi mwaka 1880, katika mfululizo uitwao CA5, barua za mwandishi mmoja hukaa pamoja. Kuanzia hapo, katika G3 A5, barua hupangwa kwa mwaka na nambari ya kupokelewa, na kila moja ilifanyiwa muhtasari wa kuchapishwa kwa ajili ya wanakamati. Muhtasari huo ni msaada mkubwa na pia ni mtego. Umeandikwa na karani aliyekuwa akijiuliza kamati inahitaji kuamua nini. Asiyekwenda mbali zaidi ya muhtasari atakuwa amesoma Kisauni kwa macho ya London.

Tuchukue mfano wa J. R. Streeter, msimamizi asiye kasisi aliyeyaongoza makazi hadi mwaka 1881. Tuhuma za viboko na vifungo alivyowatia Wamisheni zilivuma mpaka zikamfikia konseli wa Uingereza huko Unguja. Streeter akaondoka, na Price akarudishwa kutengeneza mambo. Kisa hiki kimekaa juu ya mpaka wa mifululizo miwili: mwanzo wake umo CA5, mwisho wake G3 A5. Mtafiti aliyeagiza mmoja tu ataondoka na nusu ya habari, na pengine ndiyo nusu inayompendeza Streeter. Waliochapwa walikuwa kizazi cha wazazi wa Mbotela. Kwa hiyo anayeusoma wimbo wa shukrani wa mwaka 1934 hana budi kuusoma huku majalada hayo yakiwa kando yake.

Hata hivyo, tusiyafanye majalada kuwa hakimu. Yameandikwa kwa Kiingereza karibu yote. Waafrika wa Bombay kama William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, waliweza kujiandikia malalamiko yao kuhusu mishahara na dharau. Mateka aliyeteremshwa juzi hakuweza. Aliyosema kwa Kiswahili au Kiyao yalifika London yamefasiriwa, kama yalifika. Jina lake nalo liliandikwa kama sikio la Mwingereza lilivyolisikia, kisha likafutwa na ubatizo, hata mtu mmoja akaonekana wawili. (Kisauni yenyewe inaandikwa kwa tahajia zaidi ya moja.) Ndiyo sababu tunashauri safari ianzie Kengeleni, kwa wazee na nasaba zao, mtafiti apate majina ya kwenda nayo. Kwa upande huu kitabu cha Mbotela, pamoja na kasoro zake, kinakaribia zaidi kuliko faili lolote: ni mwana anayesimulia kutekwa kwa wazazi kwa lugha iliyosimuliwa nyumbani.

Limebaki suala ambalo uhakiki wetu umelipita haraka. Kitabu kilichapishwa na Sheldon Press, tawi la chama kingine cha Kikristo cha London. Kiasi gani cha shukrani ile ni cha Mbotela, na kiasi gani ni cha mhariri aliyejua kitabu kingesomwa shuleni? Jibu halipo katika CA5 wala G3 A5. Hapo utafiti unawaacha wamisionari na kumgeukia mchapishaji.