Sauti Inayoishia Nyuma ya King'amuzi

Kinole, mkoani Morogoro, imekaa kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mahali ambapo nyumba moja inaweza kuuona mnara na nyumba ya jirani, iliyo nyuma ya kilima, isiuone. Minara iliyosimama kileleni Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haiwezi kuyabadili maumbile hayo, kwa kuwa mawimbi ya televisheni ya antena hunyooka na hayapindi mlima. Dishi ndilo lililoondoa kikwazo. Azam TV hurusha kupitia setilaiti ya Eutelsat iliyo nyuzi 7 mashariki, DStv kupitia Intelsat ya nyuzi 68.5, na Kinole, iliyo karibu nyuzi 38, inaangukia katikati kabisa ya hizo mbili. Kwa hiyo dishi la Azam hutazama magharibi, kulekule mlimani, na la DStv hutazama upande wa bahari, yote yakiwa yameinuliwa nyuzi hamsini na kitu, kiasi cha kuuruka mgongo wa safu bila shida. Sauti inashuka kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 36,000 bila mkwaruzo hata mmoja, kisha inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika mita moja ya mwisho, kati ya king'amuzi na spika. Historia ya televisheni ya dijitali nchini mwetu imeandikwa kama historia ya picha na chaneli. Ikisomwa kwa upande wa sikio, inaonyesha kwamba tulibadilisha njia ya kusafirishia sauti na kusahau mahali inapofikia.

Usahaulifu huo unashangaza kwa kuwa taifa hili lilianza kwa kusikiliza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha mwaka 1951, na kwa zaidi ya miaka arobaini watu wa bara walijua habari, mpira na muziki kwa redio pekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara ilingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya ITV, DTV na CTN vilipofungua milango, na televisheni ya taifa, TVT, ikaja mwaka 2000. Katika mfumo ule wa analojia, sauti ilisafiri kwa wimbi lake la FM pembeni ya picha, kwa kawaida ikiwa njia moja tu. Hata waendesha kebo wa mijini, waliokuwa wakinasa chaneli za dishi na kuzigawa nyumba kwa nyumba, mara nyingi walizishusha sauti za njia mbili na kuzifanya moja ili zipite kwenye mitambo yao. Lakini mfumo huo dhaifu ulikuwa na fadhila moja ambayo haikuhesabiwa siku ya kuuzika. Picha ilipojaa chenga, sauti iliendelea. Mtu aliweza kuufuatilia mpira mzima kwenye kioo kilichojaa theluji, kwa kuwa mtangazaji alisikika. Dijitali haina unyonge wa aina hiyo: inasikika safi, au inakatika vipande vipande na kunyamaza. Na upande huu wa mashariki ndio unaopokea mvua nyingi zaidi Uluguru, kwa kuwa upepo wa bahari hukutana na mlima huku kwanza. Mvua kubwa ikishuka, mawimbi ya setilaiti ya masafa ya Ku hudhoofika, na picha na sauti huondoka pamoja.

Uamuzi wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali haukuwa wa Tanzania peke yake. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kulinda masafa ya analojia. Nchi za Afrika Mashariki zikajipangia tarehe ya mapema zaidi, na Tanzania ikazima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikifuata kwa awamu. Mjadala wa miaka ile ulitawaliwa na bei ya ving'amuzi, bei ya vifurushi na idadi ya chaneli. Mwaka 2018 ukawa juu ya nani anaruhusiwa kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa. Hayo yalikuwa mambo ya haki na yalistahili kelele zake. Sauti ilibaki kwenye kauli ya jumla, picha safi na sauti safi, na hakuna mnunuzi aliyeelezwa usafi huo unapimwaje.

Kwingineko swali hilo lilikuwa na jibu la kiufundi. Dolby Digital, mfumo unaobana njia sita za sauti katika mkondo mmoja, uliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, ukahamia kwenye DVD, na Marekani ikauweka ndani ya kanuni zake za televisheni ya dijitali tangu mwanzo. Spika tatu hukaa mbele, mbili nyuma au pembeni, na ya sita hupewa besi nzito peke yake. Kanuni za DVB kutoka Ulaya, ambazo Tanzania ilizifuata, zilianzia kwenye sauti ya MPEG, ambayo kwa kawaida ni ya njia mbili, na kuiacha Dolby kuwa nyongeza ya hiari, yenye leseni ya kulipiwa. Hiari hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kwa mnunuzi wa kipato cha kawaida. Kiwanda kinachotaka kushusha bei ya king'amuzi huanza kwa kuondoa kile ambacho hakijalazimishwa. Matokeo yake yanafahamika kwa mafundi wa madishi: chaneli inafunguka, picha ni kali, sauti hakuna kabisa, rimoti inabonyezwa mpaka betri zinaisha. King'amuzi hakijaharibika. Chaneli imetuma sauti ya Dolby, nacho hakina leseni ya kuifungua.

Tuangalie nyuma ya king'amuzi cha kawaida. Pana tundu la dishi, tundu la HDMI, na matundu matatu ya rangi, au tundu dogo moja linaloingiza waya wa vichwa vitatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Nyekundu na nyeupe ni analojia, ileile iliyoanza kuzikwa mwaka 2012. HDMI hubeba sauti ya dijitali, lakini huipeleka kwenye televisheni, na spika za televisheni bapa ni ndogo na nyingi hutazama chini au ukutani. Mwenye nyumba anayetaka kusikia vizuri huchomoa nyekundu na nyeupe na kuzipeleka kwenye sabufa. Hapo, hata kama filamu ilitoka studio ikiwa na njia sita, king'amuzi kimekwisha kuzikunja ziwe mbili. Katika ukunjaji wa kawaida, njia ya katikati, inayobeba maneno ya waigizaji, hupunguzwa kwa desibeli 3 na kugawiwa kushoto na kulia, na njia maalumu ya besi hutupwa. Sabufa iliyonunuliwa kwa ajili ya mdundo inapigia besi iliyosalia kwenye njia nyingine, na inaipiga juu ya maneno yaliyokwisha kuchanganywa na sauti nyingine zote. Ndiyo sababu watu huongeza sauti wahusika wanapozungumza na kuikimbilia rimoti gari linapolipuka.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la anasa, kwamba mkulima wa ndizi na machungwa hana haja ya spika sita. Ushahidi wa sokoni unawapinga. Sabufa ni miongoni mwa vifaa vya kwanza ambavyo familia hununua baada ya televisheni, na zipo zinazopokea volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola, kwa hiyo hata kukosa umeme wa gridi si kizuizi. Anayelipia sauti mara ya pili, baada ya kuilipia mara ya kwanza ndani ya televisheni, hawezi kuitwa mtu asiyejali sauti. Wala mkoa huu hauhitaji kufundishwa kusikiliza. Morogoro ndiyo iliyowalea Salum Abdallah na Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Miziki hiyo ilirekodiwa kwa njia moja, na bado sikio linatofautisha gitaa la solo na la kati, kwa kuwa wapigaji na mafundi mitambo waliweka kila chombo mahali pake. Sauti nzuri huanza kwa mpangilio, hesabu ya spika hufuata. Hilo nalikubali kwa moyo wote, na ndilo linalonifanya niamini kuwa uzembe wetu mkubwa hauko kwa mnunuzi.

Pingamizi zito zaidi ni la mazoea yetu ya kutazama. Katika vibanda umiza vya kuonyeshea video, watafsiri wa sinema kama Lufufu na DJ Mark waliweka sauti zao juu ya sauti ya filamu, wakaieleza kwa Kiswahili, na watazamaji wakawapenda kuliko filamu yenyewe. Mtu anaweza kuuliza: tunakizungushia chumba sauti za nini, ikiwa tunachotaka ni msimulizi? Ongeza paa la bati chini ya mvua ya Kinole, ambalo hufuta kila sauti laini, na hoja inaonekana imekamilika. Mimi naiona inaelekea upande mwingine. Sifa kuu ya mfumo wa njia sita, kuliko ile milio ya nyuma inayosifiwa madukani, ni kwamba maneno yamepewa njia yao peke yao. Msimulizi akikaa kwenye njia ya katikati, anaweza kupandishwa bila kupandisha milipuko, na mvua ikinyesha mwenye nyumba anamwinua yeye tu. Jamii inayothamini neno kuliko mlio ndiyo yenye haja zaidi ya njia hiyo.

Mpira unaonyesha hilo waziwazi. Azam TV imeonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara tangu mwaka 2013, na siku ya Simba na Yanga Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hutoa mngurumo ambao ni nusu ya mchezo. Nyumbani, mngurumo huo na mtangazaji hufika wakiwa wamekandwa pamoja katika njia mbili, mmoja akimmeza mwenzake. Kabla hata ya kufikiria njia sita, mfumo wa DVB unaruhusu chaneli moja kubeba mikondo kadhaa ya sauti. Rimoti nyingi zina kitufe cha kuchagua, ambacho kwa sasa hutumika zaidi kubadili lugha. Mkondo mmoja ungeweza kuwa na mtangazaji akiwa mbele, mwingine uwanja mtupu. Kwa upande wa vifaa, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, na inaweza kudai kwamba king'amuzi kiweze kufungua sauti ya chaneli ambazo kimeuzwa ili kizipokee, na kwamba kiwe na tundu la kuitoa kwa dijitali. Sabufa zenye tundu la kuipokea zingefuata soko lilipo. Waya wa mwanga unaofanya kazi hiyo ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983, na hauhitaji setilaiti mpya, masafa mapya wala mnara mwingine Bondwa.