Bizimana Si Ukoo

Fomu za ofisi nyingi huuliza "jina la ukoo". Swali hilo likifika Gihosha, kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, halina jibu. Baba aweza kuitwa Ndayizeye, mama Nduwimana, kifungua mimba wao Bizimana na mtoto wa saba Nyandwi, jina linalotokana na hesabu ya uzazi. Ni nyumba moja, na hakuna aliyerithi jina la mwenzake.

Ninashikilia kwamba jina la namna hii ni kauli ya mzazi. Kufanana kwake hakuthibitishi undugu, na kumtwisha mtu historia ya wajina wake ni dhuluma.

Bizimana, kwa Kirundi na Kinyarwanda, ni "Mungu ndiye ajuaye". Mzazi aliyefiwa na watoto hulitoa kwa kujikabidhi. Aliyesingiziwa na majirani hulitoa kuwa jibu, na kila mtoto anapoitwa uani, jirani anasikia. Maana kamili imo katika msiba au ugomvi uliolizaa, na wazee wakifa huondoka nayo. Saidi Ntibazonkiza, mwanasoka aliyewika Yanga na Simba, ana jina lisemalo "hawataniponya". Hao ni akina nani? Jina haliwataji.

Sasa tuwatazame wajina wa Bizimana. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na balozi aliyeisemea serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari aliitwa Jean-Damascène Bizimana. Tangu 2021 waziri wa umoja wa kitaifa wa Rwanda, msomi aliyetumia miaka mingi kuyaandika mauaji hayohayo, anaitwa Jean-Damascène Bizimana. Hata jina la ubatizo ni lilelile! Augustin Bizimana, waziri wa ulinzi wa 1994, alisakwa na mahakama ya kimataifa hadi ilipothibitika mwaka 2020 kuwa alikwisha kufa zamani. Burundi nayo ina Édouard Bizimana, mwanadiplomasia aliyeteuliwa waziri wa mambo ya nje mwaka 2025. Kompyuta inayopanga watu kwa "ukoo" itawaweka wote kapu moja, pamoja na kijana wa Gihosha anayeomba viza ya masomo.

Wapo wazazi wa mjini ambao sasa huwapa watoto jina la baba ili kukwepa usumbufu huo. Siwalaumu, ila gharama yake ni kubwa: kauli ya mzazi kwa mtoto huyu mmoja inanyamazishwa ili fomu ijazike. Karangamuntu, kitambulisho cha Burundi, kimekwisha kuonyesha njia, kwani huandika jina la baba na la mama kando ya la mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ifute kisanduku cha ukoo katika fomu zake na kuuliza mambo matatu: baba ni nani, mama ni nani, na mtu amezaliwa wapi.