Mtandio wa Hariri na Historia ya Rangi

Mtandio mmoja wa hariri, sufuria ya maji ya moto, siki kidogo na pakiti ya rangi: hivyo ndivyo vifaa vya mtu atiaye rangi hariri nyumbani kwake siku hizi. Kazi yenyewe huonekana nyepesi, na wengi huihesabu kuwa mchezo wa kupitishia wakati. Lakini rangi iliyomo katika pakiti ile ina historia ndefu, iliyopita London na Lyon, ikapita pia katika miti ya pwani ya Afrika Mashariki. Makala haya yanakusudia kuieleza kwa ufupi, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha: namna maarifa ya watu yanavyoweza kupotea yakaacha nyuma jina tu.

Kwanza yafaa tuijue hariri yenyewe. Uzi wake hutolewa na kiwavi alaye majani ya mforosadi, naye huuzungushia mwili wake hata ukawa kifukofuko. Uzi huo ni protini, kama zilivyo sufu na nywele, wala haufanani na pamba itokanayo na mmea. Kwa sababu hiyo hariri hupokea rangi nyingi kwa urahisi, hasa maji yakiwa na uchachu kidogo. Ndiyo maana siki hutumika. Pamba ni kaidi zaidi. Rangi nyingi zinazoikubali hariri haziikubali pamba mpaka iandaliwe kwanza kwa dawa ya kuishikiza.

Kabla ya mwaka 1856, rangi za nguo karibu zote zilitokana na mimea, wadudu na konokono wa baharini. Buluu ilitoka katika majani ya mnili. Nyekundu katika mizizi fulani, au katika wadudu wadogo waliokaushwa huko Mexico. Mtia rangi alipaswa kujua majira ya kuchuma, kipimo cha shabu, na joto la maji. Rangi ya urujuani ilikuwa miongoni mwa zile za thamani kubwa, na hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki ilipoingia katika habari hii.

Kuna kimea cha kijivu, kisicho na mizizi wala maua, kiotacho juu ya magome ya miti na juu ya miamba karibu na bahari. Watu wa pwani walikiita marere. Walikichuma, wakakikausha na kukiuza, na katika karne ya 19 kilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya, pamoja na pembe, karafuu na sandarusi. Huko kililowekwa katika amonia, ambayo zamani ilipatikana katika mkojo uliochacha, kikatoa urujuani mzuri wa kutia hariri na sufu. Katika miaka ya 1850 watia rangi wa Lyon, mji mashuhuri wa hariri katika Ufaransa, walipata njia ya kuifanya rangi ya vimea vya namna hiyo iwe imara zaidi. Basi huenda bibi wa Ulaya aliyejitanda hariri ya urujuani alikuwa amebeba mabegani jasho la mchumaji wa pwani asiyemjua hata kwa jina.

Wakati huohuo, katika mwaka 1856, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akifanya majaribio katika chumba cha nyumba ya wazazi wake, mashariki ya London. Hakuwa akitafuta rangi. Mwalimu wake, August Wilhelm Hofmann, alikuwa amezungumzia uwezekano wa kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vinavyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Jaribio la kijana lilishindwa. Alipata masimbi meusi tu. Lakini alipoyayeyusha kwa spiriti, aliona rangi ya urujuani. Alichovya kipande cha hariri, nayo rangi ikashika, wala haikupauka upesi kwa mwanga. Alipeleka mfano kwa watia rangi wa Perth, Scotland, akapata jibu la kumtia moyo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1857 yeye, baba yake na kaka yake wakaanza kiwanda huko Greenford.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1868 wakemia wa Ujerumani, Graebe na Liebermann, walitengeneza ile nyekundu ya mizizi, na mashamba ya mmea huo yakaanza kufa. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani, na biashara ya nili ya India ikaporomoka. Marere nayo haikukoma kwa siku moja, bali soko lake lilipungua kidogo kidogo hata likatoweka.

Je, mtu wa nyumbani alipata nini? Hapana budi tukiri kwamba alipata mengi. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Wells, Richardson ya Burlington, Marekani, iliuza pakiti ndogo za rangi kwa matumizi ya jikoni, na mama asiye na karakana aliweza kuhuisha nguo iliyochakaa. Kuchora kwa mkono nako kulikuwa na mizizi yake. Huko Kyoto, Japani, mwishoni mwa karne ya 17, mchoraji wa pepeo Miyazaki Yuzen alisifika kwa michoro yake, na jina lake likapewa ufundi wa kuchora juu ya hariri. Fundi hupitisha mstari wa ubandiko wa mchele pembezoni mwa ua, ili rangi isitambae kwenda kwa jirani yake. Achoraye mtandio nyumbani leo hufuata kanuni hiyohiyo kwa utomvu mzito, kisha huifukiza hariri kwa mvuke ili rangi ishike.

Sasa tuitazame lugha. Manjano ni bizari. Zambarau ni tunda. Kijani kimetokana na jani. Kahawia ni kahawa. Majina haya yanatukumbusha zama ambapo kila rangi ilikuwa na mahali pake duniani. Hata rangi ya Perkin, iliyotoka katika lami, ilipewa jina la ua kwa Kifaransa. Neno marere limo katika kamusi za zamani, lakini ni wanafunzi wangapi watakaoweza kukionyesha kimea chenyewe mtini?

Ndugu mwalimu, ufikapo kwenye somo la rangi, usiishie kwenye orodha ya majina. Watume wanafunzi wako kwa wazee wa kijiji wakaulize ni magome gani, mizizi gani na udongo gani uliotumika kutia rangi ukili, ngozi na nguo, na kila kimoja kiliitwaje. Wayaandike majibu hayo daftarini, pamoja na kipimo na namna ya kupika, maadamu wanaoyajua wangali hai.