Kumchelewesha Mwizi

Tarehe 22 Julai 1851, wanaume kadhaa walikusanyika katika nyumba moja ya mtaa wa Great George Street, Westminster, jijini London, kumtazama Mmarekani akifungua mlango usio wake. Mlango ulikuwa wa chumba imara cha kuhifadhia vitu vya thamani, na kitasa chake kilitengenezwa na kampuni ya Chubb, jina ambalo Waingereza wa wakati ule walilitaja wakiwa na uhakika wa usingizi wao. Mmarekani huyo, Alfred Charles Hobbs, alitoa vyuma vichache vyembamba, akainama, akaanza kazi. Baada ya dakika 25 kitasa kilifunguka. Kisha akakifunga tena kwa vyuma vilevile, kwa dakika chache tu, bila kukiharibu.

Ili kuelewa kwa nini tukio hilo lilizua kelele magazetini, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1817 wezi walivunja na kuiba katika bandari ya jeshi la majini ya Portsmouth wakitumia funguo bandia. Serikali ya Uingereza ikatangaza zawadi kwa atakayebuni kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaja na kitasa chenye nyenzo ndogo za chuma zilizopangwa ndani. Ufunguo sahihi huziinua zote kwa kimo kinachotakiwa, wala si zaidi. Mwizi akichokonoa na kuinua wenzo mmoja kupita kiasi, kitasa hujikaza, na mwenye nyumba akija na ufunguo wake hugundua mara moja kwamba kuna mkono umepita hapo. Kwa hiyo kilikuwa kitasa na shahidi kwa pamoja.

Hobbs alimgeuza shahidi huyo kuwa msaidizi wake. Kila kitasa kilipojikaza, kilikuwa kimemwambia kwamba wenzo fulani umeinuliwa mno. Alikilegeza, akarudi, akapunguza kidogo. Kifaa kilichowekwa ili kimsemee mwenye mali kilimsemea mchokonoaji. Nimesoma habari nyingi za uvumbuzi katika masomo yangu ya uzamili ya historia, lakini ni chache zinazonipa mafunzo mengi kwa dakika 25.

Baada ya hapo Hobbs akahamia Piccadilly. Huko, dirishani mwa duka la Bramah, palikuwa na kufuli lililokuwa limewashinda watu kwa miongo mingi. Joseph Bramah alisajili uvumbuzi wake mwaka 1784, na kufuli hilo la dirishani lilikuwa na vipande 18 vya kuteleza ambavyo vyote vilipaswa kusukumwa kwa kina chake maalumu kabla halijafunguka. Tangazo lililoambatana nalo liliahidi gini 200, yaani pauni 210, kwa yeyote atakayetengeneza kifaa cha kulifungua. Hobbs alipewa chumba, akapewa kufuli, akapewa ruhusa. Alifanya kazi kwa saa 51 zilizotawanyika katika siku 16, na mwishoni kufuli likafunguka. Kampuni ilinung'unika kwamba mazingira hayo hayakufanana na ya mwizi halisi, lakini ililipa.

Mwaka huohuo Maonyesho Makuu yalikuwa yakiendelea Hyde Park, ndani ya jumba la vioo, na watu zaidi ya milioni sita walifika kutazama mashine za dunia. Taifa lililojiona fundi mkuu wa ulimwengu likaambiwa na mgeni kwamba milango yake inafunguka. Wako waliosema Hobbs amefanya kosa kueleza hadharani udhaifu wa vitasa, kwamba anawafundisha wezi. Jibu lake, ambalo lilirudiwa katika kitabu kuhusu vitasa alichosaidia kukiandaa mwaka 1853, lilikuwa rahisi: wezi wanajua tayari, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Asiyejua ni mnunuzi. Ukificha udhaifu wa kufuli, anayebaki gizani ni yule aliyelipa pesa yake.

Mjadala huo ulikuwa maandishi tu kwangu mpaka mjomba wangu, mvuvi wa Kilwa, aliponipigia simu. Jioni baada ya jioni, kwa miaka mingi, amekuwa akifungua mashine ya boti yake na kuibeba begani hadi nyumbani, na alfajiri kuirudisha. Mashine ile ina thamani kuliko boti yenyewe, na deni la kuinunua bado halijaisha kwenye kikundi chao cha kukopeshana. Sasa mgongo unamsumbua. Anataka kuiacha ufukweni usiku, imefungwa. "Wewe unayesoma mpaka leo," akaniambia, "nichagulie kufuli." Nilicheka, kisha nikaona kwamba hakuna swali lililowahi kunitaka nitumie shahada yangu waziwazi namna hiyo.

Nilianzia kwenye lugha. Neno kufuli tulilipata kutoka Kiarabu, lakini ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta kufuli halikukaa peke yake. Kuna komeo, kuna kia la kuzuia mlango kwa ndani, kuna riza, ule mnyororo wa mlangoni, na kuna tumbuu, pete ya chuma iliyokitwa kwenye mbao ili mnyororo au kufuli vipate pa kushika. Waliozoea maneno hayo walijua jambo ambalo mnunuzi wa leo hulisahau akiwa mbele ya kaunta: kufuli ni kiungo kimoja katika mlolongo, na mwizi hana wajibu wa kuanzia pale tulipotumia pesa nyingi. Kufuli la laki moja kwenye tumbuu iliyooza lina nguvu ya tumbuu iliyooza.

Historia ya makufuli ya nje, yanayoning'inia juani na kwenye mvua, inathibitisha hilo. Hobbs alishambulia tundu la ufunguo kwa sababu alitaka kuthibitisha ufundi. Mwizi wa kawaida hana haja ya ufundi. Huja na nyundo, mtaimbo, msumeno wa chuma au koleo kubwa la kukatia nondo. Huko Milwaukee, Marekani, fundi aitwaye Harry Soref aliona kwamba makufuli mengi ya bei nafuu yalikuwa maganda matupu ya chuma, ukiyagonga yanapasuka. Akatazama jinsi milango ya hazina za benki na ubavu wa manowari vilivyoundwa kwa matabaka, akabuni kufuli la vibati vingi vya chuma vilivyobebanishwa na kukazwa kwa ribiti. Alisajili ubunifu wake mwaka 1924. Kampuni yake, Master Lock, mwaka 1928 ilipeleka New York makufuli 147,600 ambayo serikali iliyatumia kufunga baa zilizouza pombe wakati wa marufuku. Hatua yake kubwa ilikuwa kutambua kwamba kufuli la nje hupigwa mara nyingi kuliko linavyochokonolewa.

Nusu karne baadaye New York ilitoa somo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni changa ya Kryptonite kutoka eneo la Boston, mji aliozaliwa Hobbs, ilitengeneza kufuli la baiskeli lenye umbo la herufi U. Ili kulijaribu, baiskeli ilifungwa kwenye nguzo ya alama za barabarani huko Greenwich Village na kuachwa siku 30. Wezi walifungua na kuchukua kila kipande ambacho kufuli halikukishika. Kufuli lenyewe halikushindwa. Kampuni ilipata sifa, na ilizistahili, ila mimi huifikiria zaidi ile baiskeli. Ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, na ilikuwa imekwisha.

Halafu mwaka 2004 ikaenea kwenye intaneti video ya mtu akifungua makufuli ya aina hiyo, yale yenye tundu la duara, kwa bomba la plastiki la kalamu ya kawaida. Unaliingiza, unalisukuma na kulizungusha, basi. Chuma kigumu kilichoshinda misumeno kilishindwa na kalamu ya mwanafunzi. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli kwa wingi. Laiti Hobbs angekuwa hai, naamini asingeshangaa. Kitu kilekile alichokisema London kilikuwa kimerudi: udhaifu haukuzaliwa siku video iliporushwa, siku hiyo wateja ndipo walipojulishwa.

Nikiwa na hayo kichwani nilikwenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kuuliza maswali ambayo wauzaji hawakuyazoea. Ufukweni adui wa kwanza ni chumvi, hufika kabla ya mwizi na hakosi hata usiku mmoja. Kufuli lenye mwili wa shaba nyeusi au ya manjano haliozi kama la chuma cha kawaida, ingawa ni laini zaidi likipigwa. Ule upinde wa juu, shingo ya kufuli, ndio wenye utata. Wa chuma kilichokaushwa kwa moto hadi kikawa kigumu hukataa msumeno, lakini rangi yake ya kung'aa ikikwaruzika, kutu huingia. Wa chuma kisichoshika kutu huvumilia bahari miaka mingi, lakini hukatika kwa urahisi zaidi. Hakuna upinde unaoshinda vyote viwili kwa bei ya mvuvi, kwa hiyo mtu hana budi kuchagua adui yupi anamwogopa zaidi.

Baadhi ya mambo hayana utata. Upinde mfupi na mnene ni bora kuliko mrefu na mwembamba, kwa kuwa koleo na mtaimbo vinahitaji nafasi ya kuingia. Bora zaidi ni kufuli ambalo mabega yake yamepanda kuufunika upinde. Upinde ushikwe ndani pande zote mbili, siyo upande mmoja, la sivyo hung'oka kwa kugongwa. Kuwe na kifuniko cha tundu la ufunguo na kitobo cha kutolea maji, na kufuli lining'inie tundu likitazama chini. Lisuuzwe kwa maji baridi, maji ya kisima, kila linapopigwa na mawimbi. Pale palipo na kipimo, kisomwe: kiwango cha Ulaya cha EN 12320 huyapanga makufuli kwa daraja kuanzia 1 hadi 6 kwa nguvu, na kina kipimo chake tofauti cha kuvumilia kutu. Maneno "imara sana" kwenye pakiti hayapimi chochote.

Kisha huja swali la kile kinachoshikwa. Wanaovuta boti kwa tela wanalijua vizuri. Kufuli la pini huzuia tu kiungo kisichomolewe kwenye gari. Tela likiegeshwa peke yake linahitaji kufuli jingine, linaloziba lile bakuli la mbele ili mwizi asiweze kulipachika kwenye gari lake, na mnyororo kwenye magurudumu pia. Mashine ya boti ina mtihani wake. Imeshikwa kwenye ubao wa nyuma kwa skrubu mbili zenye vishikio, na lipo bomba la chuma lenye mfereji linalovifunika vishikio vyote viwili na kufungwa mwishoni kwa kufuli, zisizungushike. Ni kifaa kizuri. Lakini ubao ni ubao, na mwizi mwenye msumeno wa mbao anaweza kuondoka na mashine, bomba, kufuli na kipande cha boti vikiwa bado vimefungana. Greenwich Village kwa namna ya pwani.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mwenye duka la Bramah angelipenda: "Kwa hiyo hakuna lisilofunguka?" Hakuna. Anachouza mtengeneza makufuli ni ucheleweshaji, na hata Bramah, aliye bora kuliko wote, aliuza saa 51. Lakini saa zile ni za mtu aliyepewa chumba, utulivu na siku 16 za kurudi kila alipochoka. Anayekuja ufukweni usiku hana kimoja kati ya hivyo, mradi tu pawepo na mtu wa kusikia chuma kikigongana.

Ndiyo maana kikundi chao kilikubaliana jambo ambalo halimo kwenye daraja lolote la EN. Boti sita zinaegeshwa pamoja badala ya kila moja mbele ya nyumba ya mwenyewe, mashine zimefungwa kwa bomba na kufuli la shaba, mnyororo mmoja mnene umepita kwenye mashine zote hadi kwenye shina la mkungu, na kijana mmoja analipwa na wote sita kulala hapo. Mlinzi hawezi kupigana na watu watano. Anachohitaji ni dakika za kupiga kelele na za watu kuamka, na dakika hizo ndizo tulizozinunua dukani.