Bulengera: shamba lililogeuka kartie

Tukisema "Butembo" tunafikiria barabara kubwa ya katikati na maduka ya ghorofa yenye mizigo ya Dubai na Guangzhou. Mimi nimekomelea upande mwingine, Bulengera, pale maharagwe yanapandwa mpaka mlangoni na mikalitusi inaziba kilima chote.

Kwetu ni Luofu, kusini ya Lubero. Mwezi wa nne 2009 FDLR walichoma nyumba za Luofu na Kasiki, watoto wakafia motoni. Baba akasema: hapa basi. Tukafika Butembo na magodoro mawili na mbuzi.

Mbuzi ile ndiyo historia yenyewe. Kwa desturi ya Wayira, mwenye kilima anakupa pa kulima, na wewe unamuletea muhako, mara nyingi mbuzi. Si bei ya udongo: ni kusema "ninakutambua". Wakati wa Wabelgiji Butembo ilikuwa kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, na vilima vya kandokando viliendelea na muhako wao. Kisha ikaja sheria ya 1973: udongo wote ni wa Serikali, hati ya kweli ni setifika ya kuandikishwa. Lakini sheria hiyo haikufuta desturi kwenye vichwa vya watu. Hadi leo zote mbili zinatembea pamoja, na maskini ndiye anakanyagwa katikati.

Muji ulipanuka kwa pesa za wafanyabiashara wa mboga, kahawa na dhahabu. Serikali ilikuwa mbali. Chuo cha Graben kilifunguliwa 1989, wakati wa Askofu Kataliko, na wanafunzi wakatafuta vyumba. Vita ikaleta wakimbizi kama sisi. Shamba moja likakatwa parseli kumi. Barabara? Kila mutu alijenga kwanza, njia ikapita palipobaki. (Mukifika kwetu usiku wa mvua mutaelewa.) Wakati wa Ebola tuliona matokeo: Katwa, moja ya sehemu zilizoumia zaidi, kituo cha matibabu kilichomwa Februari 2019. Watu ambao muda mrefu hawakupata maji wala barabara waliona ghafla magari mengi, wakashuku.

Sasa wanapima upya, wafungue avenue. Ni kazi nzuri, sipingi: ambulansi lazima ipite. Ila baba alitoa mbuzi na dola, akapewa karatasi ya mkono yenye saini ya mzee na mashahidi wawili. Mwaka jana mtu alikuja na setifika ya parseli ileile. Mzee alishakufa. Shahidi mmoja amekimbilia Uganda, wa pili anasikia vibaya lakini anakumbuka hata rangi ya ile mbuzi.

Kesi itasikilizwa tena. Kigingi cha wapimaji kiko katikati ya maharagwe, na mama analima akikizunguka.