Taa za Uhuru na Chura wa Kihansi

Kila tarehe 9 Desemba tunapokutana kuadhimisha Uhuru, hotuba hazikosi kutaja shule, barabara na zahanati. Mwaka huu tumeona tuwaandikie wanetu waliozaliwa huku Marekani habari za jambo jingine ambalo nchi yetu imelijenga tangu mwaka 1961, nalo ni mabwawa ya umeme. Historia hiyo ina fahari na ina deni, na yote mawili ni yetu.

Umeme wa maji ulikuwapo hata kabla ya Uhuru. Kituo cha Maporomoko ya Pangani kilianza kazi miaka ya 1930, na mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Mkata mkonge mwenyewe alirudi jioni kwenye koroboi. Baada ya Uhuru kikaja kituo cha Hale mwaka 1964, chenye megawati 21, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Mafuta yalipopanda bei duniani mwaka 1973, nchi ambayo haikuwa na kisima hata kimoja cha mafuta ilizidi kuona thamani ya mito yake.

Hapo ndipo Mto Ruaha Mkuu ulipobeba mzigo. Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975, na ilipokamilika ikafikia megawati 204. Juu yake lilijengwa bwawa la Mtera, kati ya Iringa na Dodoma. Wanetu waelewe kazi yake: Mtera huhifadhi maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili mitambo ya Kidatu isisimame. Tangu mwaka 1988 Mtera nayo ina mitambo yake ya megawati 80, hivyo maji yale yale hufua umeme mara mbili. Viwanda vilipata nguvu, hospitali zikapata mwanga, na wavuvi wakapata riziki. Aliyesafiri barabara ya Iringa hadi Dodoma anawajua samaki wa Mtera.

Deni lilikuja taratibu. Kwanza, nchi iliyotegemea mito ilijikuta ikitegemea mawingu. Ukame wa mwaka 2006 ulishusha kina cha Mtera, na mgawo wa umeme ukaingia kila nyumba iliyokuwa na umeme. Wengi wetu tunakumbuka maduka yenye jenereta mlangoni, na wengine tulisomea mitihani kwa mshumaa.

Pili, ni Kihansi. Katika Milima ya Udzungwa, mto Kihansi uliporomoka kwenye korongo na kurusha manyunyu usiku na mchana. Mwaka 1996, ujenzi wa kituo cha umeme ukiwa umeshaanza, wataalamu walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, ambaye hazai mayai bali huzaa watoto kamili. Hajapata kuonekana penginepo duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, sehemu kubwa ya manyunyu ilitoweka. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko, na vyura wakaongezeka kwa muda. Mwaka 2003 idadi yao ikaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa wametoweka porini.

Lakini hawakuwa wamekwisha. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa wamesafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku ugenini walizaliana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Kule nyumbani safari hiyo ilizua utani na maneno mengi. Sisi tulio ughaibuni hatuna sababu ya kumcheka msafiri huyo.

Leo fahari kubwa ni Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115. Wazo lake ni la zamani. Serikali ya Mwalimu iliunda mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji mwaka 1975. Ujenzi ulianza mwaka 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme mwaka 2024. Faida yake hatubishani nayo. UNESCO iliupinga mradi kwa sababu bwawa liko katika pori la Selous, lililo urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Chini yake wapo wakulima waliozoea kupanda kwenye tope jipya baada ya mafuriko, na wavuvi wa kamba kwenye mikoko ya delta. Bwawa hupunguza mafuriko yanayobomoa nyumba. Bwawa hilo hilo huzuia tope linalorutubisha shamba.

Katika vikao vyetu wapo wanaosema Wazungu walijenga mabwawa yao, wakatajirika, na sasa wanatufundisha kuhurumia vyura. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tutazame pia huku tunakoishi. Mto Colorado, uliojengewa bwawa la Hoover miaka ya 1930, siku hizi ni nadra kuifikia bahari. Katika jimbo la Washington, mabwawa mawili ya mto Elwha yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014 ili samoni waweze kupanda tena. Waliotutangulia kujenga wanalipa sasa, na wanalipa kwa bei kubwa.

Kihansi ilitufundisha kuchunguza kabla ya kuchimba, na kumwachia mto sehemu ya maji yake. Haikuzima taa. Kituo kile kinafua umeme mpaka leo.

Basi wanetu, mkienda likizo nyumbani na kuwasha taa kwa bibi, jivunieni. Kisha mwulizeni umeme huo unatoka mto gani, na nani anaishi chini ya bwawa. Heri ya Sikukuu ya Uhuru.