Video za wingu: namna ya kuzitazama ku simu bila mutandao

Tuseme mutoto iko Lubumbashi, kilomita karibu 300 kutoka Kolwezi. Amechukua video ya maziko ya baba yao, ameiweka ku Google Drive, kisha anamutumia linki mama yake anayeishi Mutoshi. Mama anabonyeza. Video inaanza, alama inazunguka-zunguka, picha inasimama. Anaanza tena. Jioni mega zote zimekwisha na mama hajaona hata nusu ya maziko ya bwana yake.

Simu yake haina kosa. Shida ni kwamba alikuwa anaitazama video kutoka mbali, wakati angeweza kuishusha mara moja na kuiweka karibu.

Wingu ni nini

Jina wingu linadanganya kidogo, juu hakuna kitu kinachokaa angani. Video inawekwa ndani ya mashine kubwa za kampuni, mara nyingi katika inchi zingine, na inafika ku simu kwa njia ya mutandao. Mutu anapoitazama moja kwa moja, mega zinatoka kila mara. Kwa kawaida, anayeitazama mara tano analipa mara tano. Anayeishusha analipa mara moja tu, kisha anaitazama siku zote, hata umeme ukikatika na antena ikizimika.

Wakaaji wa Kongo wanajua maana ya kubaki bila mutandao. Kisha uchaguzi wa 2018, serikali ilikata intaneti katika inchi nzima tangu tarehe 31 Desemba, na watu walibaki hivyo siku karibu 20. Kila mutu ambaye vitu vyake vilikuwa kwenye wingu peke yake hakuweza kuvifikia.

Google Drive

Simu nyingi za kwetu ziko katika Kifaransa, kwa hiyo maneno ya kutafuta ni ya Kifaransa. Pembeni ya jina la video kuna vidoti vitatu. Mwenye simu akivibonyeza, ataona njia mbili.

Ya kwanza ni «Rendre disponible hors connexion». Video inashuka lakini inabaki ndani ya Drive. Haionekani kati ya picha zingine za simu. Na kama ni video ya mutu mwingine, siku akiifuta au akifunga ruhusa, inaweza kupotea simu ikirudi ku mutandao.

Ya pili ni «Télécharger». Hii inaweka kopi kamili ndani ya simu, katika dosie ya «Téléchargements». Kopi hiyo ni ya mwenye simu. Hata yule aliyeituma akifuta yake, haipotei. Kwa video ya familia, hii ndiyo njia nzuri zaidi.

Kama «Télécharger» haionekani, inawezekana aliyetuma amezuia watu kushusha. Aombwe afungue ruhusa. Na kama video inabaki kungoja bila kushuka, aangalie katika mipangilio ya Drive kama haikuambiwa itumie Wi-Fi peke yake.

Kuhakikisha ni rahisi: azime mega na Wi-Fi, kisha afungue video. Ikicheza mpaka mwisho, imekaa kweli ku simu.

Hatari ya Google Photos

Hapa ndipo watu wengi wanalia. Simu ikijaa, Google Photos inawaambia «Libérer de l'espace». Wakikubali, video ambazo zilikwisha kupanda kwenye wingu zinaondolewa ku simu. Zinaendelea kuonekana, lakini zile ni picha ndogo tu. Video yenyewe iko mbali, na bila mutandao haifunguki. Kuirudisha, mutu anaifungua akiwa na mutandao, anabonyeza vidoti vitatu, kisha «Télécharger».

Kufuta ni jambo lingine. Video iliyokwisha kupanda, ikifutwa ndani ya Google Photos, inafutwa ku simu na kwenye wingu pia. Inabaki ndani ya «Corbeille» siku 60, kisha inapotea kabisa.

WhatsApp na YouTube

Video ya WhatsApp ikishaguswa na kushuka, inabaki ku simu. Lakini ile ambayo haijashushwa haingoji milele: ikikaa muda murefu, WhatsApp itasema aliyetuma aitume tena. Kwa kulinda mega, ndani ya «Stockage et données» mutu anaweza kukataza video kushuka zenyewe na kuchagua zile anazotaka.

Video iliyoshushwa ndani ya YouTube inachezwa ndani ya YouTube tu. Haiwezi kutumwa kwa jirani sawa video ya kawaida, na inaomba simu irudi ku mutandao mara kwa mara.

Mega, wakati na nafasi

Mbele ya kushusha, ni vema kuangalia uzito wa video katika «Détails». Pia kampuni za simu zinahesabu mwendo kwa megabiti, wakati video inahesabiwa kwa megaokteti, na okteti moja ni biti 8. Mutandao wa megabiti 2 kwa sekunde unashusha robo ya mega kwa sekunde. Kwa hiyo video ya mega 600 itachukua dakika 40, kama mutandao hausumbui. Aliyenunua mega 500 asianze kuishusha. Afazali amwombe aliyetuma aipunguze uzito, ao aikate vipande.

Nafasi nayo ihesabiwe. Kadi ya memori inasaidia, lakini kadi ya zamani yenye mupangilio wa FAT32 haipokei faili moja inayopita giga 4. Na kadi ya bei ya chini sana inayoandikwa giga nyingi inaweza kuwa ya uongo: inapokea video, kisha inaziharibu. Ijaribiwe kwanza na video ambazo si za maana.

Video ikikataa kucheza

Wakati mwingine video imeshuka yote lakini simu inatoa sauti bila picha. Mara nyingi ni juu simu haijui namna video ilivyofungwa. Programu ya VLC, yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa, ni ya bure na inafungua aina nyingi. Kama picha inakatika-katika ku simu ya zamani, aliyetuma ageuze video kuwa MP4 ya kawaida, aina ya H.264.

Kupeana bila mega

Mutu mumoja akishashusha, nyumba nzima haina lazima ya kununua mega. Bluetooth inatosha kwa video ndogo. Kwa kubwa, Quick Share ao Xender zinapitisha video kutoka simu mpaka simu kwa haraka, bila intaneti. Kifimbo cha USB chenye kichwa cha simu nacho kinafanya kazi hiyo.

Wingu lisibaki peke yake

Google inatoa giga 15 za bure, na ndani yake mnahesabiwa Drive, Gmail na Photos pamoja. Zikijaa, video mupya haipandi tena. Tena, tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta konti ambayo haijatumiwa miaka miwili. Simu ya marehemu ikilala ndani ya sanduku, konti yake inaweza kwenda na video zote. Anayejua neno la siri aifungue sasa na kushusha kopi.

Kobalti inayotoka Mutoshi na machimbo mengine ya Lualaba inaingia katika betri za simu za dunia nzima. Lakini ku Mutoshi kwenyewe, video ya maana inapaswa kukaa pahali pawili: moja kwenye wingu, ingine mukononi.